DUKA LINALOSEMA: FAIDA YA PODIKASTI KWA BIASHARA



Katika seksio ya biashara tunajifunza kuandika hesabu, kufanya bilani, kutafuta bei ya kununua na bei ya kuuza. Hayo yote ni mazuri. Lakini kuna ulizo moja ambalo vitabu vyetu haviligusi sana: mutu mwenye kuuza atajulikana namna gani na watu wasiopita mbele ya mulango wake? Wazee wetu walijibu kwa kupaza sauti sokoni, kisha kwa kibao, kisha kwa radio. Siku hizi kuna njia ingine, nayo inaitwa podikasti. Wengi wetu tumesikia jina hili, wachache tunajua maana yake, na wengine wanafikiri ni muchezo tu wa vijana wa Ulaya na Marekani.

Tumeona vema kueleza jambo hili pole pole, kwa sababu linatugusa. Tukimaliza masomo, si sisi wote tutapata kiti katika ofisi. Wengi tutauza, tutashona, tutatengeneza pikipiki, tutalima na kupeleka mavuno sokoni. Mwenye kuanza na franka kidogo hana ruhusa ya kuzitupa kwa mambo asiyoyaelewa. Basi, tuulize bila haraka: podikasti inamuletea mwenye biashara faida gani? Na inaweza kumupoteza namna gani?

1. PODIKASTI NI KITU GANI?

Podikasti ni kipindi cha sauti, sawa vile vya radio, lakini hakipiti hewani. Kinawekwa kwenye intaneti, na kila mutu anakivuta ndani ya telefoni yake ao kompyuta yake, anakisikiliza saa anayotaka.

Jina lenyewe lilionekana mwezi wa pili 2004 katika The Guardian, gazeti la Uingereza. Mwandishi Ben Hammersley alikuwa anatafuta jina la kuita kazi hii iliyokuwa mupya. Nusu ya jina inatoka kwa iPod, kale kachombo ka Apple ka kusikilizia muziki kalikoanza kuuzwa 2001. Nusu ya pili inatoka kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kutangaza kwa radio. Mwezi wa sita 2005 Apple ilitia podikasti ndani ya programu yake iTunes, na mwisho wa mwaka ule kamusi moja kubwa ya Marekani ililichagua kuwa neno la mwaka. Apple iliacha kutengeneza iPod 2022, lakini jina limebaki.

Kazi inakwenda hivi. Mutu anakamata sauti kwa mikrofoni ao kwa telefoni. Anakata sehemu mbaya, anapanga maneno vizuri. Kisha anaiweka sauti ile kwenye kompyuta inayobaki wazi muchana na usiku. Anaongeza orodha ndogo, inayoitwa RSS, yenye kuonyesha jina la kila kipindi, tarehe yake, na mahali sauti inapolala. Njia ya kufunga sauti ndani ya orodha hiyo ilitolewa na Mumarekani Dave Winer mwisho wa mwaka 2000. Programu iliyo katika telefoni ya musikilizaji inakwenda kusoma orodha ile mara kwa mara. Ikiona kipindi kipya, inakileta. Musikilizaji hana lazima ya kutafuta kila juma. Alijiandikisha mara moja, kisha vinamufuata.

Tofauti na radio iko wazi. Radio ni kama treni: ukichelewa, imekwenda. Podikasti ni kama ghala: mahindi yanakungojea. Tena, ili kusema kwa radio, lazima kuwe na antena, ruhusa ya serikali, mafundi, mazuti ya jeneretere. Kwa podikasti, telefoni moja na mahali pasipo kelele panatosha kwa kuanza.

Wengine watasema: «Sawa, lakini mega zitakwisha!» Tufanye hesabu, maana sisi ni wanafunzi. Sauti ya kusema, ikikamatwa kwa kipimo cha kilobiti 64 kwa sekunde, inaeleweka vizuri. Dakika 30 ni sekunde 1.800. Ukizidisha 64 mara 1.800 unapata kilobiti 115.200. Ukigawanya kwa 8, unapata kilobayiti 14.400, ni kusema mega 14,4. Basi, giga moja inaweza kubeba vipindi 69 vya nusu saa. Video ya nusu saa inakula mega nyingi kupita hapo. Njo maana sauti inafaa kwa watu wenye kuhesabu unite zao.

2. BIASHARA KUTUMIA SAUTI SI JAMBO LA JANA

Tusidanganyike kwamba mambo haya yalianza na telefoni. Kwa kuelewa faida ya podikasti, ni vema kurudi nyuma karibu miaka mia moja, kule Chicago.

Sears, Roebuck ilikuwa kampuni kubwa sana ya kuuza kwa katalogi. Mukulima wa mbali alipokea kitabu kinene chenye picha za mali, aliandika barua, na mali ilimufikia kwa posta ao kwa treni. Mwezi wa ine 1924 Sears ilifungua radio yake yenyewe, WLS. Herufi hizo tatu zilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana «duka kubwa kupita yote ulimwenguni». Lakini radio ile haikukaa kutaja bei za Sears tangu asubuhi mpaka usiku. Ilitoa habari za mvua, bei ya mifugo na mavuno, mafundisho ya kilimo, na siku ya posho usiku ilipiga muziki wa kijijini.

Tuangalie mayele hayo. Mukulima hakufungua radio yake juu ya kusikia jina la Sears. Alifungua juu ya kujua kama kesho atapeleka nguruwe zake sokoni ao atangoje. Lakini kila mara alipopata musaada, alijua nani amemupa musaada ule. Sears iliuza radio ile 1928 kwa Prairie Farmer, gazeti la wakulima.

Mwaka 1925, katika muji wa Nashville, kampuni moja ya kukinga hatari, National Life and Accident, ilifanya vile vile. Radio yake iliitwa WSM, na herufi hizo zilitoka kwa neno la kampuni: «Tunakinga mamilioni». Ndani ya radio hiyo kulizaliwa kipindi cha muziki Grand Ole Opry, na mpaka leo kingali kinasikilizwa. Wachuuzi wa bima waliokwenda kupiga hodi nyumba kwa nyumba hawakuwa wageni kabisa: walitoka kwa wale watu wa muziki.

Basi, shina la jambo ni hili: anza kwa kumupa musikilizaji kitu ambacho angekipokea hata kama hanunui. Faida ya duka inafuata nyuma. Podikasti haikuvumbua shauri hili. Imelifanya tu kuwa rahisi, hata kwa mutu asiye na antena.

3. FAIDA ZENYEWE

(a) Kuaminiwa

Mununuzi anaogopa mambo mawili: kudanganywa na kudharauliwa. Tangazo la sekunde 30 haliwezi kuondoa woga huo, kwa sababu kila mutu anajua kwamba tangazo linajisifu. Lakini ukimusikiliza mutu nusu saa kila juma, unaanza kujua kama anaijua kazi yake ao anabahatisha.

Mufano muzuri ni Trader Joe's, maduka ya chakula ya Marekani. Duka la kwanza lenye jina hili lilifunguliwa na Joe Coulombe katika muji wa Pasadena mwaka 1967. Tangu zamani duka hili lilipenda kueleza mali yake kuliko kupiga kelele ya bei. Lilikuwa na kagazeti kake, na Bwana Coulombe mwenyewe alisema habari za chakula kwa radio ya Los Angeles. Mwaka 2018 kampuni ilitoa podikasti yake. Wafanyakazi wanaeleza namna wanavyoonja chakula kabla ya kukikubali, sababu gani mali fulani imeondolewa, mali fulani imetoka wapi. Maduka haya hayana kadi ya kupunguza bei na hayauzi kwa intaneti. Kwa hiyo podikasti haikuwekwa kwa kusukuma watu wabonyeze na kulipa. Iliwekwa ili mununuzi aone nyuma ya pazia. Waliipanga kwanza kuwa ya vipindi vitano tu, lakini iliendelea kupita hapo.

(b) Kufika pale macho yasipofika

Kibao kinataka macho. Gazeti linataka macho na mikono. Video inataka macho na mega nyingi. Sauti inataka masikio tu. Mama anayetwanga pondu, fundi aliye chini ya motokari, dereva, mulinzi wa usiku, mutu anayetembea saa mbili kwenda shambani: hawa wote hawawezi kusoma saa ile, lakini wanaweza kusikiliza. Tena kuna baba na mama wenye mali na akili ambao hawakupata bahati ya masomo. Karatasi yetu hii, iliyo na maandiko tu, haiwezi kusema nao. Sauti inaweza, tena kwa luga yao ya nyumbani.

(c) Kueleza mali isiyoeleweka upesi

Chumvi haitaki maelezo. Lakini mashini ya jua ya kutoa umeme, dawa ya mimea, bima, mukopo wa koperative, vinahitaji maelezo mengi, na mununuzi ataona haya kuuliza mara tatu dukani mbele ya watu. Kipindi cha sauti hakichoki. Anaweza kukirudisha nyuma mara tano, hakuna atakayemucheka.

Hata kampuni kubwa iliona hivyo. General Electric ilikuwa inatengeneza injini za ndege, mashini za umeme na za hospitali, vitu ambavyo mutu wa kawaida hanunui. Mwaka 2015 ilitoa podikasti The Message, hadithi ya kubuni yenye vipindi nane, juu ya wataalamu waliojaribu kufumbua sauti iliyotoka mbali angani. Ndani ya hadithi hawakusimama kusema «nunueni mashini zetu». Hadithi ilipanda mpaka nafasi ya kwanza katika orodha ya podikasti za iTunes. Vijana wengi waliokuwa wanaona kampuni ile kama jambo la wazee walisikia jina lake pamoja na elimu ya sauti na mashini.

(d) Kufundisha wafanyakazi

Faida hii inasahauliwa, kwa sababu haionekani inje. Kampuni yenye watu waliotawanyika haiwezi kuwakusanya kila juma. Mwaka 2006 kampuni ya Marekani National Semiconductor iliwapa wafanyakazi wake, zaidi ya 8.000, kila mutu iPod yake, na ilitaka kuzitumia vile vile kwa kuwaletea mafundisho na habari za kazi. Koperative yenye maduka kumi katika vijiji kumi inaweza kufanya vile kwa telefoni za kawaida: kila siku ya kwanza, dakika kumi juu ya bei mupya, mali iliyoharibika, na namna ya kuandika kitabu cha hazina. Wote wanasikia neno lile lile, siku ile ile, kwa kinywa kile kile. Hapo maneno ya «mimi sikuambiwa» yanapungua.

(e) Kupata akili ya wanunuzi

Mwenye kusema vizuri lazima asikie vile vile. Ukimaliza kipindi kwa kusema «Mutuletee maulizo yenu», yatakuja. Watu ishirini wakiuliza jambo moja, umejua kile kinachowasumbua, nawe hukulipa mutu hata franka moja kwa kupita nyumba kwa nyumba. Maulizo hayo ni shamba la kipindi kinachokuja, na mara ingine ni shamba la mali mupya ya kuuza.

(f) Kipindi kinabaki

Ukilipa tangazo la radio, likisha kupita limekwisha. Kipindi cha podikasti juu ya «Namna ya kuhifadhi maharagi yasipate wadudu» kitasikilizwa mwaka huu na mwaka kesho, kila wakati wa mavuno. Kazi ya siku moja inaendelea kuzaa. Lakini, kwa sababu hiyo hiyo, uwongo wako pia unabaki. Tuliweke neno hili kichwani.

(g) Franka za matangazo

Tumeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu vijana wengi wanaliweka mbele. Ni kweli, podikasti yenye wasikilizaji wengi inaweza kulipwa na makampuni yanayotaka kutajwa. Mwezi wa kumi 2014 kule Marekani kulitokea podikasti Serial, juu ya kesi moja ya mauaji. Ilisikilizwa na mamilioni ya watu. Kampuni ya Mailchimp ilikuwa imelipa tangazo fupi mwanzo wa vipindi. Ndani ya tangazo, sauti moja changa ilikosea kutamka jina la kampuni, na watu walicheka, wakaanza kulirudilia kila mahali. Tangazo lenyewe likawa habari.

Lakini tufanye hesabu tena. Matangazo ya podikasti yanalipwa kwa kila wasikilizaji 1.000. Tuseme bei ni dola 20. Ukiwa na wasikilizaji 300, utapata dola 6. Hazitoshi hata kwa kununua mikrofoni. Sasa tuseme wewe unauza mbegu, na kati ya wale 300 watu 15 wamekuja kununua, kila mumoja amekuachia faida ya dola 2. Hizo ni dola 30, mara tano kupita. Njo maana tunasema: mwenye biashara ndogo asitafute utajiri katika matangazo ya wengine. Podikasti yake imusaidie kuuza kazi yake mwenyewe.

4. MITEGO NA HASARA

Hatupendi kuwapaka wasomaji asali midomoni. Podikasti si dawa ya kila ugonjwa.

Kwanza, sauti haiponyeshi biashara mbaya. Sears ilikuwa ya mayele mengi 1924, lakini kampuni yenye kushika jina lile ilikwenda mbele ya tribinali kwa kufilisika mwaka 2018, baada ya kushindwa miaka mingi na wauzaji wengine. Mulango ukiwa mubovu, kuupaka rangi hakusaidii.

Pili, hata wenye kufanya podikasti kuwa biashara yao kamili wanaanguka. Mwaka 2014 Alex Blumberg, mwandishi wa radio, alianzisha kampuni ya podikasti, Gimlet, na katika kipindi StartUp alieleza wazi namna alivyokuwa anaomba mutaji na kukataliwa. Watu walipenda ukweli ule. Spotify ilinunua Gimlet 2019 kwa dola milioni 230 hivi. Lakini 2023 Spotify iliiunganisha na kazi zake zingine na wafanyakazi wengi waliondolewa. Kupendwa na wasikilizaji ni jambo moja, kupata faida ni jambo ingine.

Tatu, uchovu. Kipindi cha kwanza kinafanywa kwa furaha, cha pili kwa nguvu, cha tano kwa kununa, cha sita hakitoki. Musikilizaji aliyekuzoea atafikiri duka lako limefungwa. Ni heri kuahidi kipindi kimoja kwa mwezi na kukitoa, kuliko kuahidi kila juma na kukimbia.

Ine, hesabu ya bure. Kuvuta kipindi si kusikiliza kipindi. Telefoni inaweza kukivuta yenyewe usiku, na mwenyewe hakifungui hata siku moja. Hata makampuni ya matangazo yana kanuni: kipindi kisipovutwa angalau dakika 1 ya sauti yake, hakihesabiwi. Kwa mwenye duka kuna kipimo rahisi kupita hicho: aweke neno la siri ndani ya kipindi. «Atakayefika dukani na kusema neno 'mvua ya kwanza', tutamuongezea kilo nusu.» Mwisho wa mwezi anahesabu waliosema neno lile. Hapo anajua ukweli, hajidanganyi.

5. JE, «CHEMA CHAJIUZA»?

Kuna methali inayosema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo mutu anaweza kutuambia: «Mali ikiwa nzuri, sauti ya nini?»

Sisi tunajibu hivi. Methali inasema kweli juu ya mali ambayo jicho linaiona. Nyanya nzuri inajionyesha. Lakini uaminifu wa fundi hauonekani kwa macho. Mbegu nzuri na mbegu mbaya zinafanana ndani ya mufuko. Tofauti inaonekana miezi mitatu kiisha, na saa ile mukulima amekwisha kupoteza musimu. Hapo chema hakijiuzi, kwa sababu hakijulikani. Kinahitaji mutu wa kukishuhudia, na ushuhuda wa kweli unachukua wakati. Podikasti inatoa wakati huo. Kule sokoni tunasikia: «Bakiliya, mukuye! Bei iko chini!» Huko njo kujitembeza. Kusema kwa utulivu namna ya kupanda, namna ya kujua mbegu mbaya, hata kusema «mwezi huu msinunue kwangu, mvua haijakaa sawa», huko si kujitembeza. Anayesema vile anapoteza franka kidogo leo, na kesho watu watamurudilia.

6. MWENYE DUKA DOGO AFANYE NINI?

Katika inchi yetu masikio yamezoea kujifunza. Radio Okapi, iliyoanza mwezi wa pili 2002, inasema kwa Kifaransa na kwa luga zetu ine, ndani yake Kiswahili, na vipindi vyake vingine vinapatikana kwa intaneti kwa kusikilizwa tena. Watu wetu hawahitaji kufundishwa kusikiliza. Wanahitaji kupewa kitu cha kusikiliza.

Tunatoa mashauri haya kwa mutu mwenye telefoni moja:

– Chagua jambo moja unalolijua kuliko wengine. Fundi wa cherehani aseme juu ya vitambaa, asiseme juu ya siasa.

– Andika kwanza maulizo kumi ambayo wanunuzi wanakuuliza kila siku. Hivyo ni vipindi kumi.

– Fanya kifupi: dakika 10 zinatosha. Kwa kipimo kile tulichohesabu, dakika 10 ni mega 4,8 tu.

– Tafuta chumba chenye nguo ao magodoro, maana vinakula mwangwi. Funga mulango. Weka mudomo karibu na telefoni, lakini si mbele kabisa, pumzi isipige.

– Sema kama unaongea na mutu mumoja aliyekaa mbele yako. Usisome kama hotuba ya siku kuu.

– Taja duka lako mara mbili tu: mwanzo na mwisho. Katikati ni ya musikilizaji.

– Ukialika mutu kusema, muulize kwanza kama anakubali sauti yake itolewe. Muziki wa mwenyewe usiutie bila ruhusa. Hiyo ni mali yake.

– Kama intaneti haifiki kijijini, mupe mutu anayeshuka mujini kadi ndogo ya telefoni iliyojaa vipindi. Kutuma sauti katika kikundi cha WhatsApp si podikasti kamili, maana hakuna orodha inayojiongeza yenyewe, lakini ni mazoezi mazuri, na yanaonyesha kama watu wanataka kusikia.

– Andika katika daftari: saa ulizotumia, unite ulizonunua, watu waliokuja kwa neno la siri. Baada ya miezi sita soma daftari lako. Kama hasara inapita faida, badilisha namna yako ao uache. Kuacha jambo lisilofaa si haya. Huko pia ni kujua hesabu.

MWISHO

Basi, wasomaji wapendwa, faida ya podikasti kwa biashara si kelele kupita kelele ya jirani. Ni kumufahamisha mununuzi kabla hajafika, kumuheshimu kama mutu mwenye akili, na kukaa naye muda wa kutosha ili ajue kama unasema kweli. Mutambo unasaidia, lakini mutambo hauna ukweli wala uwongo ndani yake. Mwenye kusema njo anautia.

Tunaachia madarasa ya juu maulizo matatu ya kujadiliana:

1) Kati ya kazi zinazofanywa hapa karibu na masomo yetu, ni ipi inayohitaji kuelezwa kwa sauti, na ipi isiyohitaji?

2) Mwenye duka akijua kwamba mali ya jirani yake ni nzuri kuliko yake, aseme ukweli ndani ya kipindi chake ao anyamaze?

3) Fundi mumoja ana dola 40 tu za kutangaza kazi yake kwa mwaka. Azigawanye namna gani kati ya kibao, radio na unite za podikasti? Mutuonyeshe hesabu.

Majibu yaletwe kwa kamati ya gazeti, yameandikwa kwa wino, upande mumoja wa karatasi tu, sababu anayepiga stensili anachoka macho. Yaliyo mazuri tutayatoa katika namba inayokuja.